Mafiga Matatu ya Uhuru: Marekani Baada ya Vita vya 1861–1865

Somo hili lilisomwa redioni katika mafunzo ya watu wazima. Limechapwa hapa ili wewe uliyelisikia upate kulirudia pole pole, na wewe uliyelikosa upate kulisoma pamoja na wenzako. Mwishoni utayaona maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu.

Hapana shaka neno "merikani" unalijua. Ni kile kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, ambacho wazee wetu walikivaa, na ambacho misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda bara ilikitumia kama fedha. Kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani, hasa wa mji wa Salem, tangu miaka ya 1830. Je, umepata kujiuliza pamba ile ililimwa na nani? Pamba ya Marekani wakati ule ililimwa hasa na watumwa, watu weusi ambao babu zao walichukuliwa Afrika kwa nguvu. Kwa hiyo habari nitakayokueleza leo ni ya nchi ya mbali, lakini uzi wake umefika mpaka nyumbani kwetu.

Tutatazama jinsi watumwa wa Marekani walivyoachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mambo yaliyowapata katika miaka kumi na miwili iliyofuata. Swali letu ni moja: mtu akiisha kuambiwa, "Wewe sasa ni huru," ahitaji nini tena ili uhuru huo usimponyoke?

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Na jifya ndilo figa. Chungu cha uhuru nacho chataka mafiga matatu: ardhi, kisomo na kura. Tuyatazame moja moja.

VITA NA AMRI YA UHURU

Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni nne, nao karibu wote walikaa katika majimbo ya Kusini. Mtumwa alihesabiwa kuwa mali. Aliweza kuuzwa mbali na mkewe na watoto wake, na katika majimbo mengi ya Kusini ilikuwa kosa la sheria kumfundisha kusoma. Mwaka ule alichaguliwa Rais mpya, Abraham Lincoln, ambaye hakutaka utumwa uenezwe katika nchi mpya za magharibi. Majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga, hata yakafika kumi na moja. Vita vilianza Aprili 1861, vikaisha mwaka 1865. Waliokufa walizidi 600,000.

Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote waliokuwa katika sehemu zilizoasi ni watu huru. Lakini usidhani kwamba watumwa walikaa tu wakingoja. Wengi walitoroka mashambani wakakimbilia kambi za jeshi la Kaskazini, na watu weusi wapatao 180,000 waliingia katika jeshi hilo wakapigana.

Mmoja wa watu hawa wasiongoja aliitwa Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, kazi yake kuongoza meli iitwayo Planter katika bandari ya Charleston, South Carolina. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862 wakubwa wa meli walikuwa wamelala nchi kavu. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akawapakia mkewe, watoto wake na watumwa wenzake, akaipitisha meli mbele ya ngome za maadui akipiga honi kwa ishara zilizotakiwa. Kulipopambazuka aliikabidhi kwa manowari za Kaskazini. Alikuwa na miaka 23. Likumbuke jina hili, maana tutakutana naye tena.

Jemadari Lee wa Kusini alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865. Siku tano baadaye Lincoln alipigwa risasi, akafa kesho yake, na Makamu wake, Andrew Johnson, akawa Rais. Katika mwezi wa Desemba mwaka ule Sahihisho la Kumi na Tatu la Katiba lilikomesha utumwa katika nchi nzima. Lakini liliacha mwanya mmoja: kazi ya kulazimishwa iliruhusiwa iwapo ni adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Ushike moyoni mwanya huo.

FIGA LA KWANZA: ARDHI

Watu hawa milioni nne walitoka utumwani bila shamba, bila nyumba, bila jembe lao wenyewe. Walitaka nini? Jibu twalijua, kwa kuwa waliulizwa, na majibu yao yakaandikwa. Tarehe 12 Januari 1865, katika mji wa Savannah, Georgia, Jemadari Sherman na Waziri wa Vita waliwaita viongozi weusi ishirini, wengi wao wahubiri. Wale ishirini walimchagua Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, awasemee. Mzee huyu alikuwa mtumwa maisha yake karibu yote, mpaka alipojinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Alipoulizwa jinsi watu wake watakavyoweza kujitunza, alijibu kwamba njia iliyo bora ni kupata ardhi na kuilima kwa jasho lao wenyewe.

Siku nne baadaye Sherman alitoa amri. Ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, iliyoachwa na mabwana waliokimbia vita, igawiwe watu walioachwa huru, kila jamaa isiyozidi eka 40. Watu wapatao 40,000 walikaa katika ardhi hiyo wakaanza kulima.

Lakini hawakuivuna kwa muda mrefu. Rais Johnson aliwasamehe mabwana wa Kusini, akaamuru warudishiwe mashamba yao. Mwezi wa Oktoba 1865 Jemadari Howard, mkuu wa idara ya serikali iliyowekwa kuwasaidia watu walioachwa huru, alitumwa katika kisiwa cha Edisto kuwapasha wakulima habari hiyo. Wakulima wakachagua kamati ya watu watatu, wakamwandikia Rais. Hoja yao ilikuwa ya wazi: sisi ndio tulioifanya nchi hii kuwa mashamba; tena mtu asiye na ardhi hubaki mikononi mwa yule aliyekuwa bwana wake. Hawakusikilizwa. Wengi waliondolewa.

Mara majimbo ya Kusini, Mississippi likitangulia, yakatunga sheria za kuwabana watu weusi. Katika Mississippi mtu mweusi alitakiwa kila mwezi wa Januari awe na hati ya kuonyesha kwamba ana kazi na makao. Asiyekuwa na kazi alishtakiwa kwa uzururaji, akatozwa faini. Asipoweza kuilipa, alikodishwa kwa yeyote aliyemlipia. Kama ulisimuliwa na wazee habari za kipande cha Kenya wakati wa ukoloni, utaelewa mara moja. Na sasa waona kazi ya ule mwanya: mfanye mtu kuwa mkosaji, kisha utamfanyisha kazi kwa nguvu, na Katiba isikuzuie.

Hata sheria hizo zilipovunjwa, ulibaki mtego mwingine, nao ni kilimo cha kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, na mara nyingi nyumbu na mbegu pia. Mkulima alitoa nguvu zake na za watoto wake. Pamba ikivunwa waligawana, mara nyingi nusu kwa nusu. Jambo hili kwa kulisikia si baya. Lakini mkulima alikula nini kabla ya mavuno? Alikopa unga, nyama na nguo dukani kwa bei ya juu, akiweka rehani pamba ambayo bado imo shambani. Daftari lilishikwa na mwenye duka. Siku ya hesabu mkulima aliambiwa kwamba sehemu yake haikutosha kulipa deni, kwa hiyo alime mwaka mwingine. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Hakufungwa mnyororo, lakini hakuweza kuondoka.

FIGA LA PILI: KISOMO

Hapa ndipo, ndugu yangu, habari hii inapotuhusu sisi tulio katika masomo ya watu wazima. Mwenye duka akiandika deni la dola kumi mahali pa dola nne, nani atajua? Watu walioachwa huru walilifahamu jambo hili vizuri. Walijua pia kwamba bwana hangemkataza mtumwa kusoma kama kusoma kusingekuwa na nguvu.

Basi shule zilipofunguliwa walikuja watu wa umri wote. Watoto walisoma mchana. Watu wazima walisoma usiku baada ya kazi ya shamba. Wazee waliokuwa wajukuu zao darasani walitaka wajifunze kusoma Biblia kabla hawajafa. Walimu wengine walitoka Kaskazini wakitumwa na makanisa, wengine walikuwa watu weusi waliotangulia kidogo kujua herufi. Idara ya Jemadari Howard ilisaidia majengo, lakini mahali pengi watu wenyewe, maskini kama walivyokuwa, walichanga fedha, wakakata mbao, wakajenga. Vyuo vikuu pia vilianzishwa wakati huo, kama Fisk mwaka 1866 na Howard mwaka 1867.

Robert Smalls naye, yule mwongoza meli, alijifunza kusoma na kuandika alipokwisha kuwa mtu mzima. Tena aliinunua nyumba ya yule aliyekuwa bwana wake mjini Beaufort. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe katika mkutano wa kutunga katiba mpya ya South Carolina. Huko alidai shule za serikali zisizo na malipo kwa watoto wote. Angalia neno hili "wote". Katika sehemu nyingi za Kusini hata watoto wa wazungu maskini hawakuwa na shule ya serikali. Waliokuwa watumwa ndio waliosaidia kuwafungulia mlango.

Matunda yalionekana. Mwaka 1870 watu weusi wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu 80 katika kila 100. Ilipofika mwaka 1900 walikuwa chini ya nusu. Kazi hii ilifanywa katika muda wa miaka thelathini tu, na katikati ya umaskini na vitisho. Kati ya mafiga matatu, hili ndilo lililokuwa gumu kung'olewa, maana mtu akiisha kujua kusoma, huwezi kumwendea usiku ukamnyang'anya herufi.

FIGA LA TATU: KURA

Wabunge wa Kaskazini walipoona jinsi majimbo ya Kusini yanavyorudisha utumwa kwa mlango wa nyuma, na Rais Johnson akiyaunga mkono, walishindana naye. Mwaka 1867 walipitisha sheria za kuyaweka majimbo kumi ya Kusini chini ya jeshi mpaka yatunge katiba mpya, na wanaume weusi wawe na haki ya kupiga kura katika jambo hilo. Mwaka 1868 walimshtaki Johnson. Aliponea kura moja tu. Mwaka huo huo Sahihisho la Kumi na Nne liliingia katika Katiba: kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia, na hakuna jimbo liwezalo kumnyima mtu ulinzi ulio sawa wa sheria. Mwaka 1870 likaja Sahihisho la Kumi na Tano: raia asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake, wala kwa sababu alikuwa mtumwa. Wanawake, weusi kwa weupe, walisahauliwa. Sahihisho lao halikupatikana mpaka mwaka 1920.

Watu ambao miaka mitano nyuma waliuzwa mnadani sasa walipanga mstari kuchagua serikali. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza katika Baraza la Seneti, na Joseph Rainey wa South Carolina, aliyezaliwa mtumwa, akaingia katika Baraza la Wawakilishi. Smalls naye aliingia mwaka 1875. Katika nchi ya Kusini watu weusi wapatao 2,000 walishika vyeo vya umma katika miaka ile: wabunge wa majimbo, mahakimu wa vijijini, wakaguzi wa shule. Mahali palipokuwa na hakimu au polisi mweusi, mkulima aliyepunjwa alikuwa na mahali pa kupeleka mashtaka yake. Hiyo ndiyo faida ya kura.

JINSI MAFIGA YALIVYONG'OLEWA

Waliopoteza mamlaka hawakulala. Walianzisha vyama vya siri, mashuhuri katika hivyo ni Ku Klux Klan, kilichozaliwa Tennessee. Wanachama wake walikwenda usiku wamefunika nyuso, wakapiga watu, wakaua, wakachoma shule na makanisa. Hawakuchagua watu ovyo. Walimtafuta mwalimu, mwenye kununua shamba, na anayewahimiza wenzake kupiga kura. Waona basi kwamba maadui wa uhuru nao waliyajua mafiga yenyewe ni yapi.

Rais Ulysses Grant alipeleka askari mwaka 1871, na chama kile kikavunjwa kwa muda. Jambo hilo lathibitisha kwamba sheria ikilindwa hufanya kazi. Lakini watu wa Kaskazini walianza kuchoka. Mwaka 1873 biashara ilianguka, watu wakafikiria mifuko yao. Mwaka ule ule, siku ya Pasaka, watu weusi wengi waliuawa Colfax, Louisiana, katika ugomvi wa uchaguzi. Na mwaka 1876 Mahakama Kuu ikafuta hukumu za wachache waliokuwa wamepatikana na hatia. Uchaguzi wa Rais wa 1876 ulileta mabishano, na katika mapatano yaliyofuata Rutherford Hayes akawa Rais. Mwaka 1877 askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za namna ile, za South Carolina na Louisiana, waliondolewa. Mlinzi akaenda zake.

Kisha kura ikaondolewa kwa hila, maana Katiba ilikataza kutaja rangi. Mississippi lilianza mwaka 1890. Mpiga kura atoe kodi ya kichwa. Mpiga kura asome kifungu cha katiba, au akieleze kwa namna itakayompendeza karani. Na karani ni mzungu. Majimbo mengine yakaiga. Katika Louisiana watu weusi walioandikishwa kupiga kura mwaka 1896 walikuwa 130,000 na zaidi. Mwaka 1904 walikuwa 1,342. Mwaka 1895 South Carolina lilipotunga katiba ya kuwanyima watu weusi kura, Robert Smalls alikuwamo mkutanoni, mmoja wa wajumbe weusi sita tu. Alisimama akaipinga. Walimshinda. Alikufa mwaka 1915 katika nyumba ile ile ya Beaufort, bila kuiona haki ikirudi.

Ilirudi baada ya taabu nyingi. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 zilisimama kwa sehemu juu ya Sahihisho la Kumi na Nne na la Kumi na Tano, yale yale yaliyoandikwa karibu miaka mia moja nyuma. Maneno yalikuwamo Katibani muda wote. Waliokosekana ni wa kuyalinda. Hata baadaye mambo hayakuisha: mwaka 2013 Mahakama Kuu iliondoa sehemu kubwa ya nguvu za ile sheria ya 1965.

TAZAMA NA KWETU

Usidhani kwamba haya ni ya Marekani peke yake. Unguja, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Muhammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa. Lakini mtumwa ilimpasa aende mahakamani kuuomba uhuru wake. Naye alitakiwa aonyeshe ana makao na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia ya kumpoteza mtumwa. Mtumwa hakulipwa fidia ya kuwa mtumwa. Mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa wenyewe, na wengi walioachwa huru waliendelea kukaa humo kwa hisani ya mwenye shamba. Alipata karatasi ya uhuru, lakini mafiga hakupewa.

Basi, ndugu msomaji, tukusanye tuliyojifunza. Tangazo la uhuru ni jambo kubwa. Usimsikilize anayelidharau, maana bila hilo mengine hayaanzi. Lakini ni mwanzo. Mwenye kura asiye na ardhi hutishwa na mwenye ardhi. Mwenye ardhi asiyejua kusoma huweza kuipoteza kwa alama ya dole gumba. Msomi asiye na kura hutungiwa sheria na wengine. Na hata mafiga yote matatu yakiwapo, lazima wawepo wa kukesha karibu na moto. Siku utakapopewa karatasi utie sahihi, isome kwanza. Na siku ya kura, nenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mzee Frazier aliitaja ardhi kabla ya mengine. Ungekuwa wewe, ungetaja nini kwanza? Toa sababu.

2. Mkulima wa kugawana mavuno alifungwa na deni. Je, hapa kwenu kuna mikopo ya mazao inayofanana na ile? Nani hushika daftari?

3. Kwa nini Ku Klux Klan iliwatafuta hasa walimu na wapiga kura?

4. Sheria nzuri ilikaa Katibani karibu miaka mia bila kulindwa. Taja sheria moja nzuri uijuayo ambayo haifuatwi kijijini au mtaani kwenu. Kikundi chenu chaweza kufanya nini?

Mkiisha kuzungumza, mmoja wenu ayaandike majibu katika daftari la kikundi. Kwaherini, na kisomo chema.